Uvira: waya mdogo unaowahisha habari

Mto Mulongwe ulipofurika mjini Uvira, Aprili 2020, watu walihitaji habari saa ileile. Sauti inayokwama ndani ya kompyuta haimwonyi mtu.

Mara nyingi kikwazo ni Wi-Fi: simu nyingi zinaigombea, na kuta zinaidhoofisha. Kompyuta nyingi mpya za mkononi hazina tundu la waya wa mtandao. Adapta ya USB hulirudisha, na waya kutoka kwenye ruta unaweza kufika mita 100. Adapta nyingi za USB 3.0 hufikia megabiti 1,000 kwa sekunde. Tundu la USB 2.0 haliwezi kupita 480.

Lakini waya hauongezi intaneti inayoingia nyumbani. Kabla ya kununua, pima kasi ukiwa karibu na ruta. Ikipanda hapo, waya utasaidia. Isipopanda, tunza pesa.