Gari la Babu: Lipakiwe au Liendeshwe?

Katika familia yetu kuna ubishi ambao haujaisha tangu babu afariki. Unahusu gari lake, Peugeot 404 ya mwaka 1966, na swali lenyewe ni hili: gari kuukuu kama hilo lipakiwe juu ya lori kila linapotakiwa mahali, au liendeshwe lenyewe? Baba mdogo anasema lipakiwe. Jjajja, ndivyo tunavyomwita bibi yetu huku Uganda, anasema liendeshwe. Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili, si fundi wa magari. Lakini ada yangu ya chuo inatokana na gari hilo, kwa hiyo nimeusikiliza ubishi huu kwa masikio yote mawili.

Kwanza nieleze kwa nini gari lina heshima. Peugeot 404 zilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, na katika nchi zetu zilipata sifa kwa sababu ya mashindano ya East African Safari, ambayo wakati huo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Gari aina hii lilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Katika mashindano ya 1963 magari 84 yalianza safari, na 7 tu yakafika mwisho. Babu alikuwa mnunuzi wa kahawa mjini Masaka. Alitaka gari lisiloogopa tope, naye akalipata.

Halafu ikaja vita. Mapema mwaka 1979 jeshi la Tanzania liliteka Masaka, na sehemu kubwa ya mji ikabomolewa. Babu alikuwa amekwisha wapakia Jjajja, watoto wanne, mbuzi mmoja na magunia mawili ya mahindi, akawapeleka kijijini kwa ndugu zake. Gari lilirudi na matundu mawili mlangoni, ambayo babu hakukubali yazibwe. Ndiyo maana baba mdogo alipoleta wazo la kulipakia kwenye lori, Jjajja alimjibu, "Mwanangu, gari hili lilitubeba sisi wakati wa risasi. Leo mnataka libebwe kama mgonjwa?"

Baba mdogo naye ana hoja zake. Siku hizi gari linakodishwa kwa ajili ya harusi, na harusi zenye pesa ziko Kampala, umbali wa kilomita zipatazo 130 kutoka Masaka. Barabara ile ina mabasi yanayokimbia na malori yanayojaribu kupitana kwenye vilima. Gari letu lina breki za ngoma magurudumu yote manne, halina mikanda, na taa zake ni hafifu. Basi likisimama ghafla mbele yake, breki hizo hazitasimamisha gari haraka kama za magari ya leo. Taa likigongwa, kioo chake hakipatikani dukani. "Mama," husema, "gari likiharibika njiani, bibi harusi ataenda kanisani kwa bodaboda, na sisi tutarudisha pesa za watu." Hapo Jjajja hunyamaza, kwa sababu pesa hizo ndizo zinazotusomesha mimi na dada zangu wawili.

Ikaamuliwa basi kwamba kwa safari za mbali gari lipakiwe. Mara ya kwanza dereva mmoja alitaka kulivuta kwa kamba, magurudumu yote yakiwa chini, apunguze gharama. Fundi wetu wa Nyendo alikataa katakata. Alitueleza kwamba katika gari la namna hii magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Yakizunguka huku injini imezimwa, yanazungusha shafti ya ndani ya giaboksi, lakini zile gia za chini ambazo hurusha oili juu huwa zimesimama. Vyuma vinasagana vikiwa vikavu. Magari mengine mtu anaweza kufungua propela shafti akaepuka balaa hilo. Katika 404 shafti hiyo imefunikwa ndani ya bomba linaloungana na difu, si kitu cha kufunguliwa kando ya barabara. Kwa hiyo gari letu hupanda lorini zima, na mikanda hufungwa kwenye tairi, si kwenye bodi, maana gari hilo halina chasisi ya peke yake; bodi ndiyo inayobeba kila kitu.

Kwa utaratibu huo tulidhani tumemaliza. Gari lilienda Kampala na kurudi bila mkwaruzo. Hapa Masaka Jjajja aliendelea kupelekwa nalo kanisani kila Jumapili, kilomita mbili kwenda na mbili kurudi, binamu yangu akiwa usukani. Kila upande ulipata haki yake. Lakini baada ya mwaka mmoja gari likaanza kukataa kuwaka asubuhi. Betri ilikufa, ikanunuliwa nyingine, nayo ikadhoofika. Bomba la moshi likatoboka. Siku moja fundi alifungua kifuniko cha oili, akatuonyesha ute mweupe uliokuwa chini yake, kama ukoko wa maziwa. Wote tulidhani injini imekufa.

Fundi hakukurupuka. Alipima maji ya rejeta kwa majuma mawili akaona hayapungui, akasema gasketi ni nzima. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza: "Gari hili mara ya mwisho lilitembea saa nzima bila kuzimwa lini?" Tulitazamana. Jibu lilikuwa kwamba tangu babu afariki, halijawahi.

Maelezo yake nayaandika hapa kwa sababu yanawafaa wengi wenye magari ya zamani. Petroli ikiungua hutoa maji. Lita moja ya petroli hutoa takribani lita moja ya maji, ambayo kwa kawaida hutoka kama mvuke kwenye bomba la moshi. Injini ikiwa baridi, mvuke huo hugeuka maji ndani ya bomba na kulitafuna kwa kutu. Mwingine hupenya hadi kwenye oili na kufanya ule ute. Dawa yake ni joto, lakini oili huchelewa kupata joto kuliko maji ya rejeta. Mshale wa joto ukisimama katikati, dereva hudhani injini imepata moto, kumbe oili bado. Tena injini inapowashwa ikiwa baridi hunywa petroli nyingi, na petroli hiyo huosha oili kwenye kuta za silinda. Stata nayo hula umeme mwingi kwa mara moja, na kilomita mbili hazitoshi kuurudisha umeme huo kwenye betri. Kwa hiyo kila Jumapili Jjajja alipokuwa akifurahia gari la marehemu mumewe, gari lilikuwa linaumia.

Na hapa ndipo nilipoiona kasoro ya ubishi wetu wote. Tulikuwa tukipakia gari ili tulipumzishe. Lakini hebu tazama siku ya harusi inavyokwenda. Gari linashushwa lorini mita mia tano kutoka kanisani, linawashwa likiwa baridi, linaingia uani, linazimwa. Baada ya ibada linawashwa tena, linakwenda ukumbini, linazimwa. Wapiga picha wanataka lisogee kidogo, linawashwa tena. Mwisho linapandishwa lorini. Limesafiri kilomita 260, lakini injini yake imetembea tatu. Kulipakia hakukuliondolea safari fupi. Kuliliondolea safari ndefu, na kuliachia zile fupi peke yake. Baba mdogo na Jjajja, waliodhani wanapingana, walikuwa wakilitendea gari jambo moja.

Ushauri wa fundi ulikuwa rahisi. Alimwaga oili, akaweka mpya, akasema gari lipelekwe Kyotera na kurudi mara moja kila baada ya majuma mawili. Kutoka Masaka ni kilomita zipatazo 40 kwa lami, kwenye barabara iendayo mpaka wa Mutukula. Liondoke asubuhi mapema kabla ya malori kuwa mengi, lisipelekwe mbio, wala lisizimwe njiani. Baada ya safari ya tatu kifuniko cha oili kilikuwa kisafi. Kampala gari bado linapakiwa, na mimi naona ni sawa, kwani barabara ile haina huruma na breki za mwaka 1966. Lakini halipandi lorini likiwa baridi. Binamu yangu hulizungusha kwanza mwendo wa nusu saa, na huko harusini haruhusu mpiga picha yeyote amwambie awashe na kuzima ovyo.

Lililokuwa gumu ni kanisa. Nani angemwambia Jjajja kwamba gari lisimpeleke tena misani? Baba mdogo alijaribu, akaambiwa aondoke mbele yake. Mwishowe fundi mwenyewe alimwendea, akapiga magoti kwa adabu kama ilivyo desturi ya Waganda, akamweleza kuhusu oili na maji. Jjajja alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kama shida ni kwamba safari ni fupi, mbona hamkusema?" Tangu siku hiyo, misa ikiisha harudi nyumbani moja kwa moja. Gari linashika njia ya Kyotera, ambako ana dada yake mwenye umri wa miaka 81 ambaye walikuwa hawajaonana kwa miezi mingi kwa kukosa usafiri. Anakula naye chakula cha mchana, jioni anarudi.

Gharama ya petroli imeongezeka, nalo hilo limekuwa ubishi mpya. Baba mdogo ameandika hesabu katika daftari: petroli ya Kyotera kwa mwezi, kisha betri mbili na bomba la moshi tulilonunua mwaka ule mbaya. Hesabu hiyo bado hajamwonyesha mama yake. Mimi nimeiona. Petroli ni nafuu.