Kabla ya Jina Kusomwa

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, picha nilizozitoa kwa mikono yangu zilienda kwa watu zikiwa na majina ya wengine. Mimi ni msafishaji picha. Kazi hiyo niliianza Mombasa miaka ya 1970, katika studio moja ya Mji wa Kale walikokuja maharusi, mabaharia na watoto wa chuoni kupigwa mbele ya pazia lililochorwa minazi. Mwenye studio alipiga, mimi nikasafisha. Nyuma ya kila picha uligongwa mhuri wa studio, na hakuna aliyeuliza ni nani aliyekesha kwenye chumba cha giza akiutafutia uso wa bibi harusi mwanga wake.

Fundi aliyenifunza alikuwa mtu wa maneno machache. Nikimpelekea karatasi ingali majimaji, hakuanza na uso. Alitazama pembe nne kwanza, kama mnunuzi wa samaki anavyofunua matamvua kabla ya kuuliza bei. "Mwanangu, hapa pembeni pamekuwa peupe mno. Jicho la mtu litatokea papa hapa, na likishatoka halirudi." Basi nilirudi gizani, nikaweka karatasi nyingine chini ya mashine, nikashika kadibodi yenye tundu na kuuchoma ule upande kwa mwanga wa ziada mpaka ukakolea. Uso nao niliukinga kwa kipande cha kadi kilichofungwa kwenye waya, nikikichezesha bila kukiacha kitulie, maana kikitulia huacha alama. Kuchoma na kukinga: ndiyo elimu yangu yote, na mpaka leo sijaona picha iliyoshinda bila hayo mawili, iwe imetoka kwenye karai la dawa au kwenye kompyuta.

Mwishoni mwa muongo ule nilimfuata kaka yangu Wolverhampton, katikati ya Uingereza, mji wa vyuma, kufuli na mifereji. Nikapata kazi ya usiku katika maabara ya picha. Filamu za likizo na za harusi ziliingia kwa magunia, zikatoka ndani ya bahasha. Bahasha zilibeba jina la duka, na picha za harusi zikabeba jina la mpigapicha. Mwenzangu wa zamu, mama mmoja aliyekuwa akikagua rangi, ndiye aliyeniambia kwamba kuna klabu ya wapigapicha wa ridhaa inayokutana kila wiki kwenye ukumbi wa kanisa, kuanzia Septemba hadi Mei, na kwamba mtu mwenye mikono kama yangu hana sababu ya kukaa nyumbani.

Utaratibu wa mashindano yao nilioukuta ni ule ule ulioko kwenye klabu nyingi za Uingereza. Picha imebandikwa kwenye kadibodi ya sentimita 50 kwa 40, upande wa mbele hauna jina. Inawekwa kwenye kisimamio chini ya taa. Katibu anasoma kichwa cha picha, basi. Jaji ni mgeni kutoka klabu nyingine. Hajui nani ni nani, na wenye picha wameketi nyuma yake kimya, hawana ruhusa ya kujitetea. Anaitazama, anaieleza kwa sauti ili ukumbi wote ujifunze, kisha anatoa alama kati ya 20. Zile zilizomgusa zaidi hazipi alama papo hapo. Anaomba ziwekwe kando, na mwisho wa usiku zinapangwa pamoja azitazame tena. Picha yako ikiwekwa kando, moyo hukwenda mbio mpaka chai iishe.

Mchezo huu ni wa zamani huku. Chama cha picha cha London, kinachoitwa sasa Royal Photographic Society, kilianzishwa mwaka 1853. Na mwaka 1887 jarida la Amateur Photographer liliandaa shindano la picha za likizo, jaji akiwa Peter Henry Emerson, na aliyepewa tuzo ya kwanza alikuwa mwanafunzi Mmarekani aliyesoma Berlin, Alfred Stieglitz. Huyu ndiye aliyekuja kuwafanya Wamarekani wakubali kwamba picha ya kamera ni sanaa. Miaka sita baadaye, Februari 1893, alisimama saa tatu nzima kwenye dhoruba ya theluji huko New York akisubiri gari la farasi lifike mahali alipotaka. Aliporudi, akaikata negativu, akabakisha sehemu tu ya alichokipata. Nilipowaeleza hayo vijana wa klabu walitaja saa tatu za baridi kila mara, na kukata wakakusahau. Mimi naona kukata ndiko kulikokuwa kugumu zaidi, kwa sababu mtu akishateseka kwa ajili ya picha hataki kutupa hata kidole chake kimoja.

Picha yangu ya kwanza kupata 20 niliipiga kwenye mfereji. Wolverhampton kuna ngazi ya malango 21 ya maji, mashua hushuka lango baada ya lango. Nilikuwa nikipita pale asubuhi nikitoka zamu, na mahali nilikuwa nimepachagua kabla sijampata mtu. Wakati wa baridi jua hutokea chini, nyuma ya daraja la matofali, ukungu ukainuka majini, na kwa muda mfupi kila kitu kilicho mbele yake kinakuwa cheusi chenye ukingo wa mwanga. Nilijua nitasimama wapi na kwa kimo gani: nikipiga magoti, gogo refu la kusukumia lango lingeanzia pembe ya chini na kupanda hadi katikati ya fremu. Mfuko mweupe wa plastiki uliokwama kwenye majani niliushukia mwenyewe nikautoa. Kilichokosekana ni mtu wa kulisukuma gogo.

Akaja mzee mmoja mwenye boti nyembamba, mstaafu wa kiwandani. Tulikuwa tumeshasalimiana mara nyingi kabla. Nilimwomba ruhusa, akakubali, akaniambia nisimwombe tu kutabasamu. Mafundi wa mfereji hulisukuma lango kwa mgongo, miguu ikiwa imekita kwenye matofali yaliyoinuliwa kidogo kwa kazi hiyo. Nilisubiri mambo mawili yakutane: kichwa chake kiangukie kwenye ukungu mweupe na si kwenye ukuta mweusi, na pumzi yake itoke. Yakakutana, nikabonyeza.

Hapo kazi ilikuwa imefika nusu. Negativu ilikuwa na mwanga mkali juu na giza nene chini, na chapa ya kwanza haikuwa na uhai wowote. Nilikata karatasi vipande, nikavijaribu kwa sekunde tofauti na vichujio tofauti mpaka nikajua kila sehemu inataka nini. Pembe za juu nikazichoma. Mikono yake nikaikinga ili mishipa ionekane. Pumzi ilikuwa ya kijivu, imefifia. Nikaichovya brashi nyembamba kwenye ferisianidi ya potasiamu iliyochanganywa na maji mengi, nikaipitisha juu ya ule mvuke kidogo kidogo na kusuuza kila mara, kwa kuwa dawa hiyo hula weusi na ikizidi hairudishiki. Pumzi ikainuka, ikaonekana kutoka mwisho wa ukumbi.

Ndivyo ilivyotakiwa. Picha ya mashindano huanza kuonwa kwa mbali, na jaji huamua ndani ya pumzi chache kama itamwita au haitamwita. Ikishamwita ndipo anapokaribia, na hapo lazima akute cha kumweka: mishipa, matofali, macho ya mtu. Zipo picha nyingi nzuri zenye la pili bila la kwanza. Hazipati nafasi kwenye kisimamio, na ninasema wazi kwamba huo ni upungufu wa mashindano. Picha zinazofunguka polepole zinataka kitabu au ukuta wa nyumbani.

Jaji wa usiku ule aliisogelea, akarudi nyuma, akaiweka kando. Mwishoni akatoa 20. Hapo tu, alama zikiwa zimeshaandikwa, katibu akasoma jina la mpigapicha. Alikwama kwenye silabi ya pili, akalirudia mpaka likatoka sawasawa, na ukumbi ukapiga makofi. Nilikuwa nimefanya kazi miaka mingi bila jina, nikiliona jambo hilo kuwa ndivyo dunia ilivyo. Usiku ule kutokuwa na jina kulinitendea haki. Jicho la mtu asiyenijua, asiyejua nimetoka wapi wala nazungumza lugha gani, lilikuwa limeshakata shauri juu ya kazi yangu kabla ya kunitambua. Namshukuru Mungu nilikuwepo.

Baadaye nikawa jaji mimi mwenyewe. Mashindano makubwa ya kati ya klabu yana majaji watatu. Kila mmoja ana kitufe chake, alama ya juu ni 5, na jumla haizidi 15. Picha zinapita kwenye projekta upesi sana. Nimeona machweo mengi, na nimeona mdiria wengi wenye samaki mdomoni, tena mara nyingine kwenye kijiti kile kile, kwa kuwa watu hulipia kibanda cha kujificha na mwenye kibanda ndiye aliyekichomeka kijiti. Kanuni za picha za asili, ambazo mashirika matatu makubwa yaliziunganisha mwaka 2014, zinakataza kuongeza au kuondoa kitu ndani ya picha, ingawa kukata kingo kunaruhusiwa. Naziunga mkono kwa moyo wote. Katika makundi mengine kila mtu aunge picha zake apendavyo. Oscar Rejlander aliunga negativu zaidi ya 30 kuwa picha moja mwaka 1857, papa hapa Wolverhampton, na ubishi aliouanzisha haujaisha.

Kuna jambo moja linalonikera kila msimu. Wanachama husafiri Kenya na Tanzania, wakarudi na simba wa Maasai Mara, na katikati ya simba hao anatokea mtu. Simba ana kichwa kirefu: anafanya nini, yuko wapi. Mtu anaitwa "Mzee wa Kiafrika".

Mojawapo ya picha hizo ilitoka Lamu. Nililitambua jahazi kabla sijamwona mtu. Alikuwa fundi akitia kalafati, akipigilia pamba katikati ya mbao kwa nyundo na patasi, na mwanga wa alasiri ulimjia ubavuni vizuri sana. Kichwa cha picha hakikusema jahazi, Lamu wala kalafati. Niliipa 17 na nikauambia ukumbi ninachokiona: mpigapicha alikaa pale kwa muda wa mwanga tu, ndiyo maana fundi ametazama pembeni, anangoja mgeni aondoke. Nikaeleza kalafati ni nini na kwa nini jahazi huzama bila hiyo. Baada ya mashindano mama mmoja alinijia, akasema picha ni yake, akauliza angewezaje kumpata yule mzee tena. Nikamwambia kwamba Lamu mafundi wa majahazi wanajulikana. Apeleke picha mkononi, asalimie vizuri, aulize.

Misimu kadhaa baadaye nilikuwa mmoja wa majaji watatu kwenye mashindano ya klabu mbalimbali, na fundi yule yule akatokea kwenye projekta. Safari hii kichwa kilikuwa na jina lake kamili, jina la kijiji, na kazi anayoifanya. Mwanga ulikuwa wa mchana mkali, duni kuliko wa kwanza. Lakini kamera ilikuwa karibu, kwa kimo cha mtu aliyeketi mkekani, na mzee alikuwa akimwelekeza kijana jinsi ya kushika patasi, akizungumza, wala hakujali kabisa kwamba anapigwa picha. Nilibonyeza 5. Mwenzangu mmoja alitoa 4, mwingine 3, akisema vivuli vya usoni ni vizito mno. Jumla ikawa 12, na picha haikuingia fainali. Kuhusu vivuli alisema kweli; kukinga kidogo kungeviondoa. Nilimwandikia yule mama nikimweleza akinge wapi na kwa kiasi gani, na kwamba aipeleke tena mashindanoni msimu unaofuata, kichwa kikiwa vile vile.