Bowling Green, mji ambako gari huulizwa injini yake

MSAFIRI anayetoka Nashville kwa barabara kuu namba 65 kuelekea kaskazini huvuka mpaka wa Tennessee na Kentucky, na baada ya mwendo wa saa moja hivi huona kuba la manjano lenye umbo la pia, limechomozwa na mnara mwekundu. Watoto wa kiti cha nyuma huuliza kama ni sarakasi. Ni Makumbusho ya Taifa ya Corvette, gari la Chevrolet la viti viwili ambalo Wamarekani wengi walio na wajukuu leo walibandika picha yake ukutani walipokuwa vijana.

Bowling Green si mji mkubwa. Una chuo kikuu juu ya kilima, una mto unaopita chini ya ardhi ambao wageni huuzuru kwa mashua katika pango la Lost River, na kwa miaka mingi umepokea wakimbizi kutoka Bosnia, Kongo na kwingineko. Kiswahili kinazungumzwa katika nyumba na shule kadhaa za hapo, kwa hiyo mgeni wa Afrika Mashariki asishtuke akisikia watu wakijuliana hali kwa lugha yake kwenye foleni ya duka.

Lakini kinachovuta watu wengi ni gari. Corvette za kwanza, 300 tu, ziliundwa Flint, Michigan, mwaka 1953. Zote zilikuwa nyeupe, zote na injini ya silinda sita yenye nguvu za farasi 150. Baadaye kazi ilihamia St. Louis, na mwaka 1981 ikaja Bowling Green, ambako ipo mpaka leo. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1994 jirani na kiwanda. Zora Arkus-Duntov, mhandisi aliyezaliwa Brussels kwa wazazi wa Kirusi na kulifanya gari hilo liwe la mbio badala ya pambo, alifariki mwaka 1996, na majivu yake yamehifadhiwa humo ndani.

Anayekaa saa moja karibu na magari ya miaka ya 1960 atasikia wazee waliovaa kofia za Corvette wakiulizana swali lilelile. Hawaulizi rangi, wala gari limetembea maili ngapi. Wanauliza: injini ni yake?

Swali hilo lina fedha ndani yake, na mwaka 1967 ndio mfano mzuri kuliko yote. Mwaka huo Chevrolet iliuza Corvette 22,940. Mnunuzi alikaa na muuzaji, akapewa fomu, akaweka alama penye injini aliyoitaka. Ya kawaida ilikuwa ya lita 5.4 na farasi 300. Aliyeongeza fedha kidogo alipata farasi 350. Juu ya hapo zilikuwapo injini za lita 7: ya farasi 390, ya 400, na ile ya kabureta tatu yenye farasi 435. Bodi ni ileile, taa zilezile za kufichwa. Magari ya lita 7 yalikuwa na boneti yenye mwinuko wake, lakini boneti inanunuliwa dukani na kufungwa mchana mmoja.

Mwishoni mwa orodha palikuwa na herufi na tarakimu tatu: L88.

Injini hiyo iliongeza dola 947.90 kwenye gari ambalo bila nyongeza yoyote liliuzwa kwa dola 4,388.75. Karatasi za kampuni ziliandika farasi 430, yaani pungufu ya ile ya 435 ambayo ilikuwa rahisi zaidi. Kijana asiyejua angeiona L88 kama wizi wa mchana. Ukweli ni kwamba ilitoa zaidi ya farasi 500, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba namba ile ilipunguzwa makusudi ili wanunuzi wa kawaida waipite. Ilikuwa injini ya mbio iliyopewa kibali cha kuuzwa dukani. Ilitaka petroli ya oktani 103 au zaidi. Haikuuzwa na redio. Haikuuzwa hata na kipasha joto, na anayeijua Januari ya Marekani ya kati anaelewa maana yake. Kwenye foleni za mjini ilichemka.

Watu 20 tu ndio waliinunua mwaka huo. Mwaka 1968 wakawa 80, na mwaka 1969 wakawa 116, kisha ikaondolewa kwenye orodha. Jumla ni magari 216 katika miaka mitatu.

Januari 2014, kwenye mnada wa Barrett-Jackson mjini Scottsdale, Arizona, Corvette moja ya 1967 yenye L88 ilinunuliwa kwa dola milioni 3.85. Gari la mwaka huohuo, la umbo hilohilo, lililotoka kiwandani na injini ya kawaida, likiwa safi kabisa, huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Tofauti yote hiyo inatokana na kitu kilicho chini ya boneti ambacho mpita njia hakioni, na ambacho kwa matumizi ya familia ndicho kibaya kuliko vyote vilivyokuwa kwenye fomu ile.

Hapo ndipo mchezo ulipoanzia. Namba ya chasisi ya Corvette ya 1967 inataja kampuni, aina ya gari, umbo la bodi, mwaka na kiwanda. Haisemi lolote kuhusu injini. Chevrolet ilianza kuingiza herufi ya injini kwenye namba hiyo mwaka 1972. Maana yake ni kwamba gari lenyewe, ukiliondolea injini, haliwezi kujieleza lilizaliwa na moyo gani. Ushahidi uko kwenye bloki.

Mbele ya injini, upande wa kulia wa gari, chini kidogo ya silinda hedi, kuna kipande cha chuma bapa, si kikubwa kuliko vidole viwili. Hapo kiwanda kiligonga mistari miwili ya alama. Mmoja unaanza na herufi ya kiwanda cha injini: V kwa Flint, T kwa Tonawanda, New York, kulikotengenezwa zile za lita 7. Zinafuata tarakimu za mwezi na siku, halafu herufi mbili za aina ya injini. HE ni ya farasi 300 yenye gia za mkono. JE ni ya farasi 435. IT ni L88. Mstari wa pili ni tarakimu za mwisho za namba ya chasisi. Zikilingana na za gari, watu husema namba zinaoana, na bei hupanda hapohapo.

Herufi mbili, basi. Fundi mwenye nyundo, seti ya mihuri na dhamiri iliyolala anaweza kusaga chuma kile, akafuta HE au JE na kugonga IT. Wengi wamejaribu, na ndiyo maana wakaguzi wa magari haya wanafanana na wataalamu wa sahihi za benki kuliko makanika. Wanainama na tochi na kioo cha kukuzia. Uso ule, ulipokatwa kiwandani, uliachwa na mikwaruzo myembamba iliyonyooka, sambamba, kama nyuzi za kitambaa. Msasa huifuta, na kuirudisha ilingane na ya kiwandani ni kazi ngumu. Mkaguzi huangalia pia tarehe iliyosubiwa kwenye bloki: ikiwa bloki ilimiminwa baada ya gari kuundwa, mazungumzo yamekwisha. Kisha huomba tangi la mafuta lishushwe. Kuanzia mwaka 1967 kiwanda cha St. Louis kilikuwa na desturi ya kubandika juu ya tangi karatasi yenye orodha ya kila kilichoagizwa. Karatasi hiyo, hata iliyochakaa na kuliwa na unyevu nusu yake, imewahi kuamua thamani ya gari kuliko maneno ya wamiliki wote waliotangulia.

Chama cha warejeshaji wa Corvette, NCRS, kilichoanzishwa mwaka 1974, hupima gari kwa kulilinganisha na lilivyotoka kiwandani, mpaka rangi ya bomba na alama za kwenye boliti. Hata hivyo majaji wake husema tu kama wanachokiona kinafanana na kazi ya kiwanda. Hawaweki rehani jina lao kwamba injini ile ndiyo iliyozaliwa na gari lile. Wanunuzi wengi hawausomi mstari huo mpaka wamekwisha kulipa.

Kwa familia jambo hili huja kwa mlango mwingine. Baba anafariki, gereji inafunguliwa, chini ya turubai kuna gari la miaka 50 na zaidi. Mwana mmoja anataka liuzwe, mwingine anataka alifufue, na mama anataka tu gereji iwe wazi. Jirani mkarimu anashauri ing'olewe injini ile iliyoganda na kufungwa mpya, ili gari liwake na liuzike haraka. Ni ushauri wa kawaida kwa gari la kubeba mchanga. Kwa gari la namna hii unaweza kumgharimu mjane nusu ya alichoachiwa, maana bloki iliyoganda yenye alama zake ni mali, nayo ikishauzwa kama chuma chakavu hairudi. Mafundi waaminifu wa Kentucky na kwingineko huwaambia wenye mali waiweke kwenye kreti pembeni, wafunge nyingine ya kutembelea, na siku ya kuuza viende vyote pamoja, na karatasi ikieleza kilichofanyika. Hata kadi ya gari ya Tanzania ina nafasi ya namba ya injini pamoja na ya chasisi, ingawa huko anayeijali zaidi ni trafiki.

Lakini namba zinazooana zina upofu wake. L88 ziliundwa zikimbie, na zilizokimbia zilipasua injini. Gari lililokaa chini ya turubai maisha yake yote lina bloki yake; lililotoka jasho uwanjani huenda liko na bloki ya tatu. Lipi ni la kweli zaidi? Soko limejibu kwa bei, nalo hupendelea bloki, isipokuwa pale historia ya mbio inapothibitishwa kwa picha na makaratasi. Jibu la soko si lazima liwe jibu la mwenye akili. Gari lenye injini ya kubadilishwa na mwenye gari anayesema hivyo waziwazi ni afadhali mara kumi kuliko lile lenye IT iliyogongwa usiku.

Wala si kila injini ya bei mbaya hugeuka dhahabu. Mwaka 1990 Corvette ilitolewa kwa jina la ZR-1, ikiwa na injini ya LT5 iliyobuniwa pamoja na Lotus wa Uingereza na kuunganishwa na Mercury Marine, watengenezaji wa injini za boti, huko Stillwater, Oklahoma. Nyongeza hiyo peke yake ilikuwa dola 27,016, karibu sawa na bei ya gari lenyewe. Magari 6,939 yakaundwa mpaka 1995, wengi wakayafungia wakingoja utajiri, na kwa miaka mingi yakauzwa chini ya bei yake ya dukani. Yalikuwa mengi mno, na wote waliyatunza vizuri mno.

ZR-1 moja ya majaribio, isiyo na paa, ya mwaka 1993, ni miongoni mwa magari yanayosababisha foleni ndefu kuliko zote makumbushoni. Ardhi ya Bowling Green ni mawe ya chokaa yaliyotobolewa na maji. Pango la Mammoth, refu kuliko yote yanayojulikana duniani, liko jirani. Alfajiri ya tarehe 12 Februari 2014, sakafu ya lile kuba la manjano ilizama na kumeza magari manane. Shimo lilikuwa na upana wa mita 12 hivi na kina cha mita nane au tisa. Hapakuwa na mtu ndani.

La kwanza kutolewa lilikuwa ZR1 ya buluu ya mwaka 2009. Liliwashwa, likawaka, likaendeshwa kwa nguvu zake lenyewe, injini ikiwa ileile. Hilo lilitengenezwa. Likatengenezwa pia lile jeusi la 1962, na Corvette ya milioni moja, nyeupe, iliyotoka kiwandani Julai 1992. Walipoifungua hiyo ya mwisho, mafundi walikuta sahihi za wafanyakazi wa kiwanda kwenye vipande vya ndani, mahali ambapo hakuna mnunuzi angefika. Kuanzia hapo kazi ikawa ya polepole: kipande chenye jina la mtu kilinyooshwa hata kama kipya kingepatikana kwa siku moja.

Yale mengine matano yaliachwa yalivyo. Mallett Hammer ya 2001, ya mwisho kuvutwa shimoni, imebaki bonge la vyuma na matairi ambalo mtoto hawezi kutambua upi ulikuwa mbele. Uongozi uliona kwamba ukibadilisha kila kilichovunjika, kitakachobaki ni gari jipya lenye namba ya zamani. Wageni husimama hapo muda mrefu kuliko penye magari yanayong'aa.

Upande wa pili, kiwandani, injini za Corvette ya Z06 ya sasa, lita 5.5 na farasi 670, huunganishwa na fundi mmoja kwa mkono, na kibao chenye jina lake hufungwa juu yake kabla haijaingizwa garini.