Treni Iliyokubali Kuchelewa

Huku kwetu Hewani hatuna reli. Tuna mto Tana, tuna mpunga na maembe, tuna na barabara ya Garsen ambayo mvua ikikolea hugeuka mto wa pili. Mtu wa huku akitaka kusikia honi ya treni hana budi kufunga safari hadi Mombasa. Hata hivyo, barazani kwetu hakuna mazungumzo yanayokolea kama ya injini za mvuke, na chanzo chake ni mjomba wangu, aliyeingia kazi ya reli akiwa kijana na kuanzia kwenye kulisha moto wa zile Garratt kubwa.

Huzisifu kama Waorma wasifuvyo ng'ombe wao. Garratt za daraja la 59 ziliundwa Uingereza na kiwanda cha Beyer Peacock katikati ya miaka ya 1950. Zilikuwa 34, kila moja ikibeba jina la mlima wa Afrika Mashariki, na uzito wake ulifika tani 252 hivi. Kwenye reli ya upana wa mita moja, dunia nzima haikuwa na injini ya mvuke kubwa kuliko hizo. Moja yao, Mount Gelai, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli pale Nairobi, na kila jamaa yetu anayekwenda Nairobi huagizwa akaitazame.

Siku moja kijana wa boda boda alitufungulia kwenye simu yake shindano lililoonyeshwa na televisheni ya BBC mwaka 2009, katika kipindi cha Top Gear. Vyombo vitatu vilitoka London kwenda Edinburgh, mwendo wa zaidi ya kilomita 600: gari la Jaguar XK120, pikipiki ya Vincent Black Shadow, na injini ya mvuke iitwayo Tornado. Mtangazaji Jeremy Clarkson aliingia kwenye injini akachota makaa kwa sepetu mpaka uso ukawa mweusi tititi. Tornado yenyewe ilikuwa mpya, imekamilika 2008. Ilijengwa kwa mtindo wa miaka ya 1940 na watu waliozipenda injini hizo, wengi wao wakichanga kidogo kidogo kwa miaka mingi.

Jaguar likafika kwanza.

"Gari limeshinda, mzee!" kijana akasema.

"Limeshinda, mwanangu," mjomba akajibu. "Lakini umeiona treni ilivyosimama?"

Akaturudisha nyuma. Tornado iliundwa kwenda maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Siku hiyo iliruhusiwa maili 75 tu, na haikuzidisha. Tena ilipaswa kusimama njiani kunywa maji, kwa sababu yale mabirika marefu yaliyokuwa katikati ya reli, ambayo treni za zamani zilichotea maji huku zikikimbia, yameshaondolewa. Katika shindano linalotazamwa na mamilioni, dereva alisimama kila palipotakiwa kusimama. Kwa mjomba, hilo ndilo lililostahili kupigiwa makofi.

Nimelifikiria jambo hili muda mrefu, na kila nikilifikiria naona mzee ana haki. Mwendo wa kasi kila mtu anauona. Kazi ya kusimama haionwi na yeyote, kwa sababu ikifanywa sawasawa hakuna kinachotokea. Hakuna picha ya ajali ambayo haikutokea.

Waingereza wenyewe walilipa ili kulijua hili. Agosti 1895 kampuni za reli zilizokuwa zikishindania abiria wa Scotland zilikimbizana usiku baada ya usiku kutoka London hadi Aberdeen, na treni moja ikakata maili 540 kwa saa 8 na dakika 32. Magazeti yakashangilia. Julai mwaka uliofuata, treni ya usiku iliingia kwenye kona ya stesheni ya Preston kwa kasi kupita kiasi ikatoka relini. Alikufa abiria mmoja tu, lakini hofu ikaenea, na kampuni zile zikapunguza mwendo. Hapo ndipo watu walipokubali kwamba ratiba nayo inaweza kuua.

Huo wa 1896 ndio mwaka ambao reli ya Uganda ilianza kutandikwa Mombasa. Sisi tuliipokea reli wakati wenzetu wanajifunza kuiogopa, na ndani ya kila injini iliyokuja mlikuwa na woga wa namna hiyo umegeuzwa kuwa chuma. Mjomba anapenda kueleza kizibo cha risasi. Paa la tanuri la injini ya mvuke lazima lifunikwe na maji wakati wote. Maji yakishuka, chuma huiva, hulainika, na boila linaweza kupasuka na kuua kila aliye karibu. Kwa hiyo pale juu ya tanuri huwekwa kizibo chenye kiini cha risasi. Maji yakipungua mno, risasi huyeyuka kabla chuma hakijaharibika, na mvuke hufoka ndani ya moto kuwatahadharisha waliomo. Mzoefu yeyote wa injini alikiheshimu kizibo kile. Injini iliyoyeyusha risasi haiendi mbele, hata kama imembeba waziri.

Lakini kizibo hulinda injini, hakilindi njia. Usiku mmoja wa Januari 1993, pale Ngai Ndethya kwenye reli ya Mombasa na Nairobi, mafuriko yalikuwa yameling'oa daraja. Treni ya abiria ikaja gizani, ikatumbukia mtoni. Walikufa watu zaidi ya 100. Watu wa Hewani tunaposikia habari ile hatuhitaji kuelezwa. Maji hayavunji daraja kutoka juu ambako macho yanaona. Huchimba chini, kwenye miguu yake, na daraja laweza kuonekana zima huku halina pa kusimama. Kingo za Tana zimetufundisha hivyo hivyo: unakanyaga shamba lako lile lile la jana, kumbe limebaki ganda.

Ndiyo maana mjomba anapozungumzia watu wa genge, sauti yake hubadilika. Hao ndio waliotembea kwa miguu juu ya mataruma, kipande chao cha reli kila siku, wakikaza misumari na kutazama nguzo za madaraja na makalvati. Hakuna aliyewapa jina la mlima. Mshahara wao ulikuwa mdogo kuliko wa karibu kila mtu relini, na juu ya macho yao yalilala mabehewa yote ya abiria waliosinzia. Tukiwapenda madereva na injini zao peke yao, sisi wapenzi wa treni za mvuke, tunapenda nusu ya reli.

Kijana wa boda boda hakukubali kirahisi, nami namshukuru kwa hilo. Alisema kusimama ni rahisi kwa mwenye mshahara. Yeye akifika penye maji kati ya Hewani na Garsen akasita, abiria atapanda pikipiki ya mwenzake anayethubutu, na jioni nyumbani kwake hakuna unga. Mjomba alinyamaza. Mimi sikuwa na jibu siku hiyo, ila sasa naona neno la kijana linatuhusu sisi tunaopanda. Aprili 2024, wakati wa mafuriko, basi lililojaa abiria lilisombwa pale Tula kwenye barabara ya Garissa. Watu wakaokolewa kwa mashua. Sijui ndani ya basi lile ni nani alisema nini. Najua tunavyosema sisi tukiwa safarini: dereva twende, wenzetu wamepita.

Mradi wa LAPSSET ulizinduliwa Lamu Machi 2012, na ndani yake imo reli ya kutoka Lamu kuelekea Garissa na Isiolo. Haijajengwa bado. Ikija siku ya wananchi kuitwa kutoa maoni, wengi watauliza habari za fidia ya mashamba na njia za mifugo, na wana haki ya kuuliza. Mimi nitauliza ni nani ataajiriwa kutembea kwa miguu kukagua madaraja msimu wa mvua, atalipwa kiasi gani, na kama usiku akiona maji yamefika pasipotakiwa, ana uwezo wa kuisimamisha treni yeye mwenyewe bila kusubiri ruhusa ya Nairobi.