Mtoto wa Mkeka wa Nyuma

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisomesha chuo cha watoto wadogo hapa Tegeta, katika banda la mabati si mbali na Barabara ya Bagamoyo. Watoto walikuwa thelathini na kitu, wa miaka mitano mpaka saba. Baba zao wengine ni wavuvi wa Kunduchi, wengine vibarua wa kiwanda cha saruji cha Wazo.

Miongoni mwao alikuwepo mmoja ambaye jina lake sitalitaja. Nikimwita, haitiki. Nikimwuliza herufi, ananitazama mdomo tu. Nikahukumu kuwa ni mkaidi, nikamhamishia mkeka wa nyuma, karibu na mlango, ili asiwapotezee wenzake wakati. Nao wenzake, kwa kuwa mtoto humwiga mwalimu wake, wakampa jina la "Bwege". Nililisikia jina hilo wala sikulikemea. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Wiki mbili hakuonekana. Nikaenda kwao, bibi yake akanipokea barazani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Nilipomwuliza habari za mjukuu wake, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, huyu masikio yanamtoka usaha tangu ananyonya. La kulia halisikii kabisa, la kushoto kidogo. Nilidhani umekwisha kumjua. Sasa amekataa chuo. Asema huko hakuna anayemtaka."

Sikuwa na jawabu. Njiani ikanijia sura ya Abasa, sura ya 80, ambayo mimi mwenyewe nikiisomesha. Ndugu msomaji wakijua kisa chake: Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu, alimjia Mtume (s.a.w.) akitaka kufundishwa, na Mtume alikuwa akizungumza na wakubwa wa Kikureshi kwa kutaraji wasilimu. Mwenyezi Mungu akateremsha aya za kumtetea yule kipofu. Baada ya hapo Mtume alimkirimu, akawa mwadhini pamoja na Bilal, na akaachiwa usimamizi wa Madina Mtume alipokuwa safarini. Mimi niliihifadhi sura hii, lakini sikuifanyia kazi.

Jirani mmoja alishauri mtoto apelekwe Shule ya Viziwi Buguruni, iliyoanza mwaka 1974. Shule ile ina kheri yake kwa wanaoihitaji. Lakini mtoto huyu alikuwa akisikia, ila sisi ndio tuliomweka mahali pasiposikika.

Basi bibi akampeleka hospitali, nami nikalitengeneza darasa. Safu za mikeka nikaziondoa, watoto wakakaa duara. Yeye akakaa karibu nami, sikio la kushoto likinielekea. Nikaacha kusema huku nimeugeukia ubao. Nikawafundisha wenzake kumgusa bega kabla ya kumsemesha. Na lile jina nikalipiga marufuku, lakini kwanza nilikiri mbele yao kwamba mwenye kosa ni mimi.

Baba mmoja alikuja kulalamika: "Mwalimu, mwanangu atacheleweshwa." Nilimwambia kweli, kwamba miezi ya mwanzo tutakwenda polepole. Na tulikwenda polepole. Lakini katika duara lile niligundua watoto wengine wawili waliokuwa wakifungua midomo tu bila kusoma, nami nilikuwa nikiwahesabu kuwa wanajua. Mmoja wao ni mtoto wa yule baba.

Nchi yetu ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayompa mtoto haki ya kusoma pamoja na wenzake. Na hapa hapa Dar es Salaam, shule ya Uhuru Mchanganyiko imewasomesha wasioona na wanaoona chini ya paa moja. Lakini sheria haifiki mkekani kama mwalimu na mzazi hawakuifikisha.

Mtoto yule alirudi. Sikio la kulia halikupona, na juzuu Amma aliimaliza nyuma ya wenzake. Siku aliyoimaliza, wenzake ndio waliokimbia kumpa bibi yake habari.

Enyi wazazi na walimu wenzangu, kabla hatujasema mtoto ni mkaidi au mzito, tutazame kwanza tumemkalisha wapi. Mwenyezi Mungu atusamehe yaliyopita, na awafungulie watoto wetu wote milango ya elimu. Amin.