Tulivyoihama Kadi ya RAID

Nilipoanza kutunza seva Dar es Salaam, miaka ile ya mgawo wa umeme, ukitaja RAID ya programu, yaani kuziunganisha diski kadhaa kwa programu tu, mbele ya wakubwa ulionekana unachezea data za watu. RAID ya kuaminika ilikuwa kadi: inapachikwa ndani ya seva, ina prosesa yake, kumbukumbu yake na betri yake, na mfumo endeshi unaziona diski tano kama diski moja kubwa.

Betri ndiyo iliyonifanya niipende. Kadi hupokea data, huihifadhi kwenye kumbukumbu yake na kujibu kwamba imeshaandika, kabla diski hazijaguswa. Umeme ukikatika hapo katikati, betri inaishikilia data hiyo mpaka umeme urudi, ndipo kadi imalizie kuandika. RAID 5 isiyo na kinga hiyo ina ufa unaojulikana: seva ikizimika katikati ya kuandika, data na hesabu inayoilinda haziafikiani tena, na siku diski moja ikifa, kinachojengwa upya kinaweza kuwa uongo mtupu. Katika mji ambao jenereta ilikuwa ikinguruma kila mtaa, hilo lilikuwa jambo la kila wiki.

Kasi nayo ilikuwa sababu, ila hiyo iliisha mapema. Siku hizi Linux ikiwaka hupima yenyewe jinsi prosesa inavyozimudu hesabu za RAID, na matokeo huwa ni gigabaiti nyingi kwa sekunde, kuliko diski zinavyoweza kumeza. Na ikumbukwe kwamba Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipoandika makala yao ya RAID mwaka 1988, walitaka diski za bei nafuu zichukue nafasi ya diski kubwa za bei mbaya. Sisi tulinunua diski za kawaida, kisha gharama tukaihamishia kwenye kadi.

Kilichonibadilisha ni kadi moja kufa. Diski zote zilikuwa nzima, lakini mpangilio wa data ulikuwa umeandikwa kwa namna ya mtengenezaji, na kadi ya jamii ile haikupatikana Kariakoo wala kwa wakala. Mzee wetu wa idara, aliyeipigania kwenye bajeti, alikuja kusimama mlangoni mwa chumba cha seva.

“Kijana wangu, yaani data ipo, na hatuwezi kuisoma?”

“Ipo, mzee. Tunasubiri kadi kutoka nje.”

Seva iliyofuata niliijenga kwa mdadm, programu ya RAID ya Linux ambayo Neil Brown aliianzisha mwaka 2001. Hapo kila diski hubeba maelezo ya kundi lake. Kabla ya kuikabidhi nilizichomoa diski, nikazipachika kwenye kompyuta ya mezani iliyokuwa imetupwa stoo, nikaandika amri moja, na mafaili yote yakaonekana. Mzee alikuwa pembeni yangu akitazama. Kwetu, ambako kipuri husafiri bahari na kukaa bandarini, sijaona hoja inayoizidi hiyo.

Suala la umeme lilibaki, na kwangu lilijibiwa na ZFS, mfumo wa mafaili ulioanzishwa na Jeff Bonwick na Matthew Ahrens ndani ya kampuni ya Sun. Haiandiki juu ya data ya zamani. Huandika mahali papya kwanza, ndipo ielekeze huko. Zaidi ya hapo, huhakiki kila bloku inaposomwa, hivyo diski inayorudisha data mbovu kimyakimya hukamatwa. Kadi zetu hazikuwahi kunipa hilo. Betri zake zenyewe zilizeeka: betri ikichoka, kadi huacha kutumia kumbukumbu yake, uandishi unazorota, na simu za malalamiko zinaanza asubuhi.

Hata hivyo kadi sijaifuta kabisa. Seva za ESXi, mfumo wa kuendeshea mashine pepe, zinazotumia diski zao za ndani bado naziagizia kadi, kwa kuwa mfumo ule hauna RAID ya programu ya diski hizo. Nikiagiza, naagiza mbili za aina moja, na ya pili inakaa kabatini.