Ndovu wa Angkor na Mzigo Walioutua

Nchi ya Kambodia iko mbali sana nasi, huko Asia, katikati ya Thailand na Vietnam. Wenyeji wake wengi ni Wakhmer, watu wakulima wa mpunga, na nchi yao ni tambarare yenye maji mengi. Wageni waendao huko huenda hasa kutazama magofu ya mahekalu ya Angkor, karibu na mji wa Siem Reap. Mimi nami nalipata nafasi ya kufika huko wakati wa likizo yangu, na haja zangu zilikuwa mbili: kuyaona mawe, na kuwaona ndovu.

Labda msomaji atauliza, Je, ndovu ni mnyama wa kusafiria mbali namna hiyo? Katika hesabu iliyofanywa mwaka 2021, Kenya ilionekana kuwa na ndovu 36,280, na mkulima ambaye mahindi yake yameliwa usiku mmoja hana haja ya kuonyeshwa mwingine. Walakini ndovu wa Angkor ana habari yake mwenyewe, na habari hiyo yatufaa.

Kwanza niseme juu ya mahekalu. Lililo kubwa kuliko yote ni Angkor Wat, lililojengwa katika karne ya 12 kwa amri ya Mfalme Suryavarman wa Pili. Hapo mwanzo lilikuwa hekalu la Vishnu, mungu wa Wahindu. Baadaye likawa la Wabudha, na hata leo watawa wenye mavazi ya rangi ya machungwa huingia humo kusali. Limezungukwa na handaki la maji lenye upana wa mita 190. Mawe yake yalichongwa katika milima ya Kulen, upande wa kaskazini-mashariki, yakaletwa kwa njia ya mifereji. Mtu aliyefundishwa shuleni habari za Hekalu la Sulemani hutembea humo kwa adabu, maana huona ya kwamba mataifa mengine nayo yalikuwa na mafundi hodari tangu zamani.

Mwendo mfupi kutoka hapo ni Angkor Thom, mji wa Mfalme Jayavarman wa Saba, aliyeanza kutawala mwaka 1181. Humo mna ukumbi mrefu wa mawe, zaidi ya mita 300, na ubavuni mwake wamechongwa ndovu wakiwa katika safari, wakubwa kama ndovu wenyewe. Katika kuta za hekalu la Bayon wamechongwa ndovu wa vita, na majemadari wamesimama migongoni mwao. Mjumbe mmoja wa China, Zhou Daguan, aliyekaa huko mwaka 1296 na 1297, aliandika ya kwamba mfalme alipotoka nje alisimama juu ya ndovu, upanga mkononi, na pembe za ndovu huyo zimevikwa dhahabu. Kwa Wakhmer wa kale, basi, ndovu alikuwa askari, na kiti cha enzi pia.

Wafalme hao walipokwisha, ndovu walibaki na kazi. Katika siku zetu hizi kazi yenyewe ikawa kuwabeba watalii. Asubuhi waliwachukua wageni kutoka lango la kusini la Angkor Thom mpaka Bayon, na jioni waliwapandisha kilima cha Bakheng kutazama jua likitua. Wageni walifurahi, wakapigwa picha, wakalipa. Lakini mwezi wa Aprili mwaka 2016, wakati wa joto kali kabisa, ndovu jike aitwaye Sambo alianguka njiani baada ya kubeba wageni, akafa. Umri wake ulikuwa zaidi ya miaka 40. Picha yake ilienea duniani, na watu wengi walidai desturi hiyo ikomeshwe. Yafaa tujue ya kwamba ndovu hatoi jasho kama sisi au kama farasi. Hujipoza zaidi kwa kupunga masikio, kwa maji na kwa matope. Akisimamishwa juani na mzigo mgongoni, ni vigumu kwake kujipoza.

Mwaka 2020 kazi ya kubeba wageni katika mahekalu ya Angkor ilikoma. Ndovu 14 walihamishiwa msitu wa Bos Thom, chini ya milima ile ile ya Kulen yaliyotoka mawe ya mahekalu. Huko mgeni hapandi ndovu. Hutembea karibu naye, humlisha, na humtazama akioga.

Nalifika huko asubuhi na mapema kabla jua halijapanda. Mchunga ndovu mmoja, mtu wa makamo, aliniita "bong", ndilo neno la Kikhmer la kumwita ndugu mkubwa kwa heshima, ingawa nadhani yeye ndiye aliyenizidi miaka. Ndovu wake alikuwa mdogo kuliko wa kwetu. Masikio yake yalikuwa mafupi, mgongo wake umeinuka kama kilima ambapo wa kwetu umebonyea, na ncha ya mkonga wake ilikuwa na kidole kimoja, ambapo wa kwetu anavyo viwili. Alikwenda polepole, akivunja mianzi na kuila, wala hakuna aliyemharakisha.

Nalimwuliza mchunga, kwa msaada wa kiongozi wetu, kama kazi hii mpya ni bora. Alifikiri kwanza. Kisha akajibu ya kwamba kwa ndovu ni bora, na hilo halina shaka; lakini kwa mchunga, wageni ndio watakaojibu. Zamani kila safari ilileta fedha papo hapo. Sasa wageni hawana budi kuja mwendo mrefu kutoka mjini, tena kutazama tu.

Jibu hilo lilinikaa moyoni, kwa maana lina ukweli mchungu. Mwaka 2019 wageni zaidi ya milioni 2 kutoka nchi za nje waliingia Angkor. Mwaka 2020 ulikuja ugonjwa wa Korona, mipaka ikafungwa, na njia za mahekalu zikawa tupu. Ndovu mmoja huweza kula kilo 150 za majani kwa siku, wala hajui kwamba wageni hawakuja. Twasema ndovu hashindwi na mkonga wake. Lakini mtu aliyemfuga aweza kushindwa na tumbo lake. Basi kumtua ndovu mzigo si kazi ya mchunga peke yake. Mgeni aliyetaka kupanda naye hana budi kubadili tamaa yake, na bado alipe.

Nasi hapa Kenya tunalo shauri kama hilo. Gofu la Gedi, lililotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, liko karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao una ndovu. Kwetu ndovu hapandwi, lakini mzigo wa kumtunza upo vile vile, na mara nyingi humwangukia mkulima aliye karibu na msitu. Wageni wakija kuwatazama ndovu wetu, haki ni kwamba sehemu ya fedha zao imfikie mtu huyo kabla hajakata tamaa na kuchukua mkuki.

Kwa msomaji atakayeweza kwenda Angkor, miezi ya Novemba mpaka Februari ndiyo yenye joto la kuvumilika. Avae nguo za kufunika mabega na magoti, maana mahekalu yale bado ni mahali pa sala. Naye akimaliza kutazama ndovu wa mawe, afanye safari ya kwenda msituni akawatazame walio hai, na malipo yao asiyaone kuwa ghali.